Kibaba Kioshwe Kwanza

Mama huanza Januari na elfu moja.
Wiki ya pili, elfu mbili. Ya tatu, tatu.
Kila Jumatatu, kabla hajafungua robota la mitumba Kiboriloni,
huzamisha noti kwenye kopo la siagi
na kuandika kwenye daftari lenye twiga jaladani,
hadi wiki ya hamsini na mbili,
Moshi inapojaa wana waliorudi kuhesabiwa.

"Aikande, hiyo kompyuta yako
inajua kujumlisha, au inajua kula umeme tu?"

Nilikuwa na C ya miezi miwili,
chuo cha ghorofani, nyuma ya stendi,
na kibodi iliyong'oka herufi W,
ndiyo maana wiki nikaiita i.

Nikamwambia naandika kitanzi.
"Kitanzi? Unataka kuzinyonga hela zangu?"

i ianze na moja,
i isizidi hamsini na mbili,
i ipande moja kila ikizunguka.
Na katikati ya mabano sentensi moja:

jumla = jumla + i;

Mwalimu Shao wa hesabu angeichora wino mwekundu:
kitu hakiwi sawa na chenyewe na nyongeza.
Lakini hapa alama ya sawa haitoi ushahidi, inaamuru:
chukua kilichopo, ongeza kilicholetwa, rudisha palepale.
Kama Mama na kopo.

Nikabonyeza.
Ikatoka bilioni moja na ushei,
na alama ya kutoa mbele yake.
Mama akavua miwani.
"Nadaiwa na nani?"

Haba na haba hujaza kibaba, tuliimba shuleni;
hakuna aliyetuambia
kibaba kioshwe kwanza.
Ndani ya jumla yangu mlikuwa na makombo ya mpangaji aliyetangulia,
kazi ya mtu mwingine,
chumba kisichofagiwa.
Nikaandika sifuri,
ileile niliyoililia darasa la tano,
nikaiweka mlangoni kabla ya kitanzi kuanza.

Tena. 1326.
Mama hajui C. Anajua elfu hamsini na mbili.
"Wiki ya Krismasi umeipeleka wapi?"
Nilikuwa nimeandika *chini ya*, nikasahau *au sawa na*:
vistari viwili tu,
nikamfungia mlango aliyekuja wa mwisho
na mzigo mkubwa kuliko wote.

Tena. 1378.
"Milioni moja, laki tatu, sabini na nane elfu!"
nikasoma kama mtangazaji wa matokeo.

Mama hakupiga makofi.
Alifungua daftari. Kidole kikashuka na safu,
kikalowa mate, kikafunua ukurasa,
kikasimama ishirini na tatu.
Hapakuwa na namba. Palikuwa na mstari
uliokwaruzwa kwa kalamu inayoishiwa.

Juni ile tulimzika Ndelilio wa meza ya jirani,
na mchango wa msiba haungoji kopo lishibe.

Siku hiyo sikujua namna ya kukiambia kitanzi
kipite wiki moja bila kuigusa
na bado kiendelee na safari.
Lipo neno lake; nilifundishwa Alhamisi.
Nikarudi mbio nalo, nikalipachika juu ya sentensi yangu:
i ikiwa ishirini na tatu, ruka.

1355.

"Hiyo ndiyo yangu," akasema Mama.
Akafunga daftari. Akalifungua.
Akauliza kama mashine inaweza kuandika kwa nini.

Nikamwonyesha mikwaju miwili iliyolala ubavu:
baada ya hii andika utakacho,
yenyewe haisomi, inasoma mtu.
Akafikiri kwa muda mrefu kuliko programu yote.
Akataja, nikaandika, W haikuhitajika:

// Ndelilio. Alikunja mashati vizuri kuliko mimi.

Nikabonyeza tena, nione kama namba itatikisika.

1355.